Marashi ya Harusi ya Mishi

Jumatatu, 4 Mei
Nimeswali, nimechuma mawaridi kabla ya jua. Kapu limejaa. Mtaa mzima wa Junda hakuna mwenye mawaridi kama yangu, na wanajua. Ijumaa mjukuu wangu Mishi anaolewa. Nimeapa mbele ya wakwe: marashi ya dukani hayatamgusa mgeni hata mmoja. Napika mwenyewe. Babangu alikuwa akipika, nami nilimtazama. Kutazama kwangu mimi ni kusoma.
Mtambo tayari. Sufuria la pilau. Kifuniko nimekitoboa, nimetia mpira wa maji, mpira umepita kwenye ndoo ya maji baridi. Mvuke uingie, upoe, utoke maji. Basi.

Jumanne, 5 Mei
Mpira umelegea kwa moto kama utumbo. Kilichotoka kinanuka tairi. Mawaridi ya jana yote bure. Nimekasirika. Mke wangu, Bi Rukia, ati, "Nunua tu, mzee. Nani atajua?"
Nitajua mimi.

Jumatano, 6 Mei
Nimepata kijibomba cha shaba kwa fundi wa friji. Nimekisafisha kwa limau na chumvi, na maji ya moto, mpaka mafuta yakaisha. Kifuniko nimekiziba pembeni kwa unga wa ngano uliokandwa. Nani mwingine angekumbuka unga?
Yakatoka! Meupe. Nikamwita Bi Rukia anuse. Kacheka mpaka kakaa chini.
"Mzee wee, utawarashia watu pilau!"
Kweli. Bizari. Sufuria limepika pilau miaka na miaka, halikusahau hata moja. Nimeona haya wallahi. Mtini yamebaki mawaridi machache.

Alhamisi, 7 Mei
Asubuhi nimekwenda dukani. Nimefika mlangoni, nikarudi. Siwezi.
Bi Rukia kaleta birika lake la stili, la harusi yetu. Halijachemsha kitu ila maji matupu, na hamwazimi mtu. Kaliweka kando ya jiko la makaa.
Nimetia maji na mawaridi yaliyobaki, moto mdogo. Kijibomba kwenye mdomo wa birika, unga pembeni. Nikangoja.
Tone. Halafu jingine.
Subhanallah. Waridi jekundu, maji meupe. Rangi imebaki chini, harufu imepanda peke yake, imepita ndani ya shaba ya friji mbovu, imeshuka nzima. Nimefanya kazi bandarini Kipevu, nimeona kreni zikiinua makontena kama viberiti. Hayo hayakuwa kitu mbele ya tone hili.
Lakini yamejaza mrashi mmoja tu, kichupa kimoja cha kunyunyizia. Wageni ni umati.

Ijumaa, 8 Mei
Nimeanza na Mishi, kisha wakwe. Tone, tone. Safu ya tatu, mrashi mkavu. Nikasimama pale kama mwizi. Bi Rukia akanyanyuka, akampaka jirani yake kwa kiganja chake kilicholowa marashi. Jirani akampaka mwenzake. Wakapakana mpaka mlangoni. Dukani hakuna aliyekwenda.
Nyanyake bwana harusi akanishika mkono. "Bwana, haya yametoka wapi?"
Maneno yalikuwa tele mdomoni. Nikamwambia, "Ni mawaridi, bibi."
Basi.

Jumamosi, 9 Mei
Nimefungua birika. Mawaridi yamepauka, hayanukii hata kidogo. Harufu imeondoka yote.
Nimeliosha birika, nimemrudishia mwenyewe. Kijibomba bado kinanukia. Nimekitundika dirishani, upande anaolala Bi Rukia.