Bonge Lililojipika

Jumapili, 16 Novemba

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba ule mgongo umekuachia. Huku hatujambo, ila mimi ni mzima wa kusimama tu. Usingizi umenikimbia tangu Jumanne, na kabla hujasikia kwa watu nataka usikie kwangu.

Unajua kiwanda chetu cha magodoro kina pacha wake katika mji wa pili, na unajua fika nani anakisimamia. Alipooa mke mwingine kwa siri ukadai talaka, uliapa kwamba atakayempa hata salamu asahau njia ya kwako. Nilikitii kiapo chako. Makao makuu walituita kila mwezi tupeane ujuzi, meneja kwa meneja, tukakaa meza moja kama paka na panya waliofungiwa stoo. Yeye alisoma ripoti yake, mimi yangu, tukanywa chai, kila mtu akashika njia. Bosi alifurahi kwamba tunashirikiana.

Jumanne joto lilikuwa kali. Tulikata bonge la sponji tulilomwaga jana yake, tukakuta kiini chake kimegeuka njano. Msimamizi wa ghala, tunayemwita Redio kwa kutonyamaza, akasema basi tutangaze magodoro yenye kiini cha yai. Watu walicheka. Mchana hakucheka mtu: ghala lilinuka kuungua na moto hauonekani. Mabonge yalikuwa yamebanana hadi karibu na dari, na nyuma ya ukuta mmoja tu mafundi wa kushona walikuwa kwenye cherehani zao.

Nilipiga simu makao makuu. Waliniambia nisome ripoti za kiwanda cha pili. Nilikuwa nimeshazisoma zote. Hazikuwa na kitu. Hapo, Dada, nilimpigia mwenyewe.

Alipokea mara moja. Sikumsalimu, nilimweleza harufu tu. Alisema nitoe watu kwanza, kisha mabonge, yakae uwanjani mbalimbali, na nisithubutu kukata jingine, maana likipata hewa litaniwakia usoni. Alisema sponji mpya hujipika yenyewe kwa ndani, na siku za joto maji ya mchanganyiko lazima yapunguzwe, maana ndiyo yanayochemka na dawa na kuzidisha joto. Foklifti ilikuwa ndiyo kwanza imetua bonge la tatu uwanjani lilipotoa moshi, halafu moto. Liliungua peke yake, sisi tukilitazama kwa mbali na mipira ya maji mkononi. Hakuna aliyeumia. Redio ndiye aliyekuwa wa mwisho kuuachia mpira wake.

Baadaye nilimuuliza alijuaje. Alisema ghala lake liliungua vivyo hivyo mwezi wa nane, na kwenye ripoti akaandika hitilafu ya umeme, kwa kuogopa kibarua kuota nyasi. Nilimjia juu, nikamuuliza kama alitaka sisi tufe. Alinijibu polepole kwamba alijaribu kuniambia.

Ni kweli, Dada. Baada ya kikao cha mwezi wa tisa alinifuata hadi kwenye gari, akasema, shemeji, nina neno la kazi, dakika moja tu. Nilimwambia mimi na yeye hatuna neno, nikapandisha kioo. Njiani nilijisifu kwamba nimekulindia heshima yako. Kumbe nilikuwa nimewapandishia kioo wale mafundi wa kushona.

Sikuandikii kuomba ruhusa. Alilokutenda sijalisahau, na hasira yako ni haki yako. Lakini nitampigia tena, na akipiga nitapokea. Jumatano anakuja, twende pamoja kwa bosi tukaseme ukweli wa moto wake na wa kwetu. Huenda tukafukuzwa wote wawili. Atafikia kwangu.

Ukiniambia nisahau njia ya kwako, nitalia, nitaisahau. Wewe ya kwangu usiisahau, hata kama ni Jumatano.

Nisalimie watoto mmoja mmoja, na mgongo uendelee kuukanda.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba