Kaka Asivuke Ruvuma

Mocímboa da Praia, Novembro 1967

Kwa mpenzi Dada Mwanvua,

Salamu nyingi, wewe na shemeji na watoto. Mwaonaje hali huko Mtwara? Kifua chako kimepoa? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila vita vimebana. Askari wanapekua hata vikapu vya muhogo.

Dada, Rachide muuza nguo amenifikishia ujumbe wako, kwamba Kaka Cassimo atavuka Ruvuma mwezi ukiandama, aje kunidaia talaka. Moyo ulinilipuka!

Abibo wangu unamjua. Fundi bati, hodari wa vibatari, lakini salamu zikirefuka anaondoka zake, na wageni wakijaa anahamia uani. Miaka miwili nilingoja ajue yaliyo moyoni mwangu bila kuambiwa. Nilinuna, hakuona. Nikamvalia kanga ya mafumbo; akaisoma kwa sauti mbele ya mama yake, akauliza ni nani aliyekosa. Wallahi nilitaka ardhi inimeze!

Mvua zilizopita mimba ilinitoka. Watu walikuja na pole zao, wakarudi makwao. Abibo hakusema pole. Kila alfajiri aliteka ndoo tatu, akapika uji uleule. Siku ya tano akaniuliza, bila kunitazama, nikilia nataka akae au aondoke. Hajatokea mtu kuniuliza hivyo. Nikamwambia akae. Akakaa hadi adhuhuri, kazi zimemlala.

Tangu hapo namwambia wazi ninachotaka, naye hunieleza kinachomchosha. Tumepatana, dada. Namshukuru Mungu kwa mtu huyu.

Sasa nisikilize, unisamehe. Ile barua niliyoandika kabla ya mvua hizo, ikachelewa njiani, nilimosema Abibo ananipiga, nilidanganya. Hajaniinulia mkono hata siku moja. Nilitaka kuondoka, na nilijua kwa kimya chake tu msingekuja kunichukua.

Juzi nilimwambia Abibo mwenyewe uongo huo. Aligonga bati lake kitambo, kisha akasema nikitaka talaka atanipa, hakuna haja ya kumsingizia. Kutaka kuondoka kunatosha. Nililia sana. Nikamwambia sitaki.

Mzuie kaka, dada yangu! Njia zimetegwa mabomu, na waliovuka mwezi huu hawajulikani walipo. Mwambie mwongo ni mimi. Anikasirikie, lakini anikasirikie akiwa hai.

Nisalimie wote, wakubwa kwa wadogo. Vita vikiisha kaka aje kututembelea. Abibo amesema atamkaribisha kwa siku mbili, zaidi hataweza.

Mdogo wako akupendaye,
Atija