Kisasi Kilichoangukia Shetani

Panda, Likasi. Samedi, mangaribi

Nilikosea wapi? Katika zile hadithi za kale za kutisha ninazofundisha, kisasi kinafaulu pale adui anapojua ni mkono wa nani. Miye nilidhani kutokamatwa kunatosha.

Mbuzi ya jirani yangu, Mama Bea, ilimaliza lenga-lenga yangu yote, mboga yetu ya juma zima. Mwenye mbuzi akacheka! Basi leo nilikata kamba yake ya kuanikia. Nguo zake nyeupe za kwaya zikaanguka katika potopoto, zikajaa matope.

Nikangojea matusi. Akaniita:

"Ni Shetani tu, Madame! Kuya tusali pamoya."

Nikapiga magoti kando yake, kisu kingali mfukoni. Akamkemea Shetani kwa jina, mara tatu. Langu hakulitaja.

Nikaitika amina.