Sauti Ndani ya Mtihani wa Simaloi

Alhamisi, Kitengela. Jua halijatoka tangu asubuhi. Ni baridi ya Julai, ile ya kuingia kwenye mifupa, na upepo unaleta vumbi la barabara ya Namanga hadi kwenye dirisha langu. Nimerudi kutoka Kajiado, nimevua viatu, nimekaa. Hata chai sijaweka jikoni.

Huwa naandika hapa mambo madogo madogo: bei ya nyanya, majirani, wanafunzi wanaolala darasani. Leo sina jambo dogo.

Nafundisha takwimu katika chuo kikuu hapa mjini. Siku hizi wanafunzi wetu hufanya mitihani wakiwa nyumbani, kwa kompyuta. Kamera inawatazama, maikrofoni inawasikiliza, na mfumo unaweka alama nyekundu kila ukishuku jambo. Macho yakienda pembeni, alama. Sauti ya mtu mwingine ikisikika, alama. Mwanafunzi akiondoka mbele ya kamera, mtihani unajifunga wenyewe, na somo lote atalirudia mwaka ujao.

Wiki iliyopita jina la Simaloi lilinifikia likiwa limejaa nyekundu.

Simaloi ni msichana wa Oltepesi, kule njia ya Magadi. Ni mkimya. Swali lake huliuliza wenzake wakishatoka. Niliitazama video yake ya mtihani. Anageuka kushoto, ananong'ona kwa Kimaasai, anarudi kwenye skrini, anaandika. Anageuka tena. Kuna sauti nyingine chumbani, hafifu, ya mtu nisiyemwona. Karibu na mwisho wanaingia wanawake, mmoja anamshika bega. Simaloi hatoi mikono kwenye kompyuta.

Niseme ukweli: nilimhukumu palepale. Nilisema moyoni, huyu anasomewa majibu. Nilikasirika vile mtu hukasirika akidanganywa na yule aliyemwamini.

Mimi ni Mkikuyu, na Kimaasai changu kinaishia kwenye salamu. Kwa hivyo nilimpelekea video Lemayian, mwalimu mwenzangu, mtu wa Loitokitok asiyekosa utani.

"Nisikizie hapa wanasema nini," nikamwambia. "Nataka ushahidi wa kupeleka kwa kamati ya nidhamu."

Akaweka visikizi masikioni. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alirudisha video nyuma, akasikiliza tena, kisha akavitoa na kuviweka mezani polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Huyo ni nyanya yake," akasema. "Anaitisha maji. *Enkare, enkare.*"

"Na Simaloi anamjibu nini?"

"Anamwambia, ngoja kidogo, kokoo, yaani nyanya. Nikitoka hapa mtihani itafungwa."

"Na hao wanawake?"

Lemayian aligeukia dirisha. "Mmoja anamwambia, Simaloi, wachana na hiyo kitu. Kokoo ametuacha."

Na Simaloi akaendelea kuandika.

Swali la mwisho lilikuwa la wastani na mkengeuko. Nilikuwa nimeshalisahihisha. Alilipata lote, kila hatua mahali pake. Tangu nijue alikuwa analifanya wakati gani, siwezi kuitazama ile karatasi.

Siku hiyo hiyo nilimpigia simu. Nilimpa pole, kisha nikamuuliza kwa nini hakuijibu barua ya chuo iliyomtaka ajieleze. Nyuma yake nilisikia kengele za mbuzi.

"Madam, mmesikiza?"

"Tumesikiza. Mimi na Mwalimu Lemayian."

Akaanza kulia, bila sauti kubwa. Akanieleza kwamba huyo bibi ndiye aliyemlea tangu akiwa mtoto mchanga. Asubuhi ile mjomba alikuwa ameenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali, na wao wawili wakabaki peke yao nyumbani. Maji yalikuwa nje, kwenye tangi, si mbali.

"Nilidhani ni kiu tu," akasema. "Nilidhani nitamaliza halafu nimpelekee."

Nikamsikia akijipangusa, kisha akaendelea.

"Afadhali mseme niliiba mtihani, madam. Nitarudia tu. Lakini msiwawekee watu hiyo video."

Kwa hivyo leo asubuhi tuliondoka na Lemayian kwenda Kajiado, makao makuu ya chuo, kwenye kikao cha kamati. Tulipita Isinya bila utani hata mmoja. Nilikuwa najiuliza nitamwokoaje mtu kwa ushahidi ambao ameniomba nisiuonyeshe.

Mwenyekiti wetu ni profesa, mama wa makamo, mtu wa haki lakini wa kanuni. Kompyuta ilikuwa tayari mezani.

"Tuiweke tuone," akasema.

Nilisimama. Nikasema nyanya ya msichana alifariki humo chumbani mtihani ukiendelea, kwamba sauti zinazosikika ni za tukio hilo, na kwamba mwenyewe ameomba video isiwekwe.

Mjumbe mmoja akakuna kidevu. "Mimi simkatai madam. Lakini tukikubali maneno ya mdomo leo, kesho kila mtu atakuja na nyanya mgonjwa."

Mtu akacheka kidogo. Sijui nani.

Hapo Lemayian akainuka. "Mimi niko na nyanya pia," akasema. "Kila neno kwa hiyo video nimelielewa. Hakuna jibu la mtihani pale. Kuna mtu anakufa, na kuna mtoto amekatazwa na sisi kuinuka. Mkitaka kuiweka, wekeni. Lakini mimi nitatoka nje, na nyinyi hamtapata wa kuwatafsiria."



Profesa alivua miwani. Akamuuliza Lemayian kama anaweza kutia sahihi maneno hayo. Lemayian akasema hata sasa hivi. Profesa akaniuliza mimi pia. Nikasema ndiyo. Kompyuta ikafungwa. Yule mjumbe aliyepinga aliinamisha kichwa, akasema hana neno tena.

Simaloi ameondolewa kosa. Alama zake za mtihani zitabaki zilivyo.

Kanuni yenyewe ya kutoinuka mbele ya kamera haikuguswa. Nilipoitaja niliambiwa niandike pendekezo, litajadiliwa. Nitaandika. Lakini naijua hiyo "litajadiliwa".

Nilimpigia Simaloi tukiwa bado uani. "*Ashe oleng*, madam," akasema, asante sana, na nikasikia pumzi ikimtoka. Kisha akauliza, "Na hiyo video itaenda wapi?"

"Itafutwa," nikamwambia haraka. "Usiwe na wasiwasi. Hakuna mwingine ataisikia."

Nilidhani nampa habari njema.

"Madam, naomba msifute."

Sikumwelewa.

"Picha za kokoo tuko nazo. Lakini sauti yake hatukuwahi kuchukua. Iko hapo tu."

Nilirudi ndani kwa kijana anayesimamia mfumo. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba rekodi ni mali ya chuo na hapewi mtu, na kwamba kesi ikifungwa hufutwa. Nikamsihi angoje mpaka nizungumze na profesa, ambaye alikuwa ameshaondoka. Akakubali kungoja hadi kesho.

Hilo ndilo limenikalisha hapa bila chai. Namfikiria akiisikiliza peke yake kule Oltepesi: nyanya yake akiomba maji, na yeye akimwambia angoje. Je, nitakuwa nimempelekea zawadi au kidonda?

Lakini si mimi wa kumchagulia. Ameomba mwenyewe, kwa mdomo wake. Kesho mapema nitakuwa mlangoni kwa profesa, na sitaondoka bila hiyo sauti.