Birika la Hajja na Ombi Tusilolituma

Alhamisi, Riyadh. Vumbi tangu alfajiri, hata jengo la ng'ambo ya barabara halionekani. Nimetoka zamu, nimefunga madirisha ya chumba changu hapa Shumaisi, na bado vumbi nalionja mdomoni.

Leo ndiyo tungetuma ombi.

Mimi ni nesi katika wadi ya waliopooza. Dada yangu Mishi yuko Jidda, mtaa wa Aziziya, anamtunza mama mzazi wa madam wake. Twamwita Hajja. Hajja alipooza upande mmoja, na kilichomliza zaidi ni kutawadhishwa kama mtoto. Mishi akawaza birika linaloinama ukilisukuma kwa kiwiko. Mimi nikachora, nikabuni kibano cha kulishika kando ya kitanda na beseni la kupokea maji. Tulihangaika nalo kwa simu, yeye akijaribu, mimi nikirekebisha, mpaka likakubali.

Mishi hakuota utajiri. Alitaka karatasi moja tu duniani yenye jina lake, inayosema kuna kitu alikibuni. Kwenye ikama, kibali chake cha kuishi huku, hata jina lenyewe wamelikosea. Nikamwahidi.

Wakili wetu wa Nairobi alishauri tuanze na ombi la awali la hataza, ile hati ya kulinda uvumbuzi, litushikie nafasi kwa mwaka mmoja huku tukiandaa ombi kamili. Michoro ilikuwa tayari, maelezo tayari, majina mawili, la Mishi likitangulia. Leo mchana akapiga simu, akauliza kama mtu anayeuliza iwapo umefunga mlango: "Kuna mtu wa nje amewahi kukiona hiki kitu?"

Nikampigia Mishi, nikiwa na hakika ya jibu.

"Labda ile video ya madam," akasema.

"Video gani, dada?"

Siku Hajja alipotawadha mwenyewe kwa mara ya kwanza, madam alimrekodi akilia kwa furaha, akaiweka mtandaoni. Ni zamani. Mishi alidhani niliiona.

Nimeiona sasa. Birika, kibano, kiwiko, vyote viko wazi, na chini yake watu wa nchi za mbali wanauliza vinauzwa wapi. Pembeni kuna mkono wa Mishi ukisogeza beseni. Uso wake haumo.

Wakili hakunizungusha. "Zaidi ya mwaka umepita tangu iwekwe, na sheria inasamehe mwaka mmoja tu. Kilichoonwa na kila mtu si kipya tena. Nikilituma ombi mtapata namba, lakini halitawafikisha popote. Na kuificha video siwezi."

Nikamweleza Mishi. Nilitamani agombe. Akauliza taratibu tu, "Kwani jina langu haliwezi kukaa pale hata bila faida?"

"Litakaa mwaka, dada. Kisha ombi linakufa."

Nikasikia madam akimhimiza, "Yalla!" Mishi akasema anakwenda. Simu ikakatika.

Sina wa kumkasirikia. Madam alifurahi kumwona mama yake akifurahi, nani angemlaumu? Wala Mishi hakuna aliyemwambia kitu hiki ni siri. Mimi mwenyewe sikujua kwamba furaha ya mtu yaweza kukufungia mlango.

Fomu iko wazi kwenye kompyuta. Ni kubonyeza tu. Nimekaa mbele yake, na mkono hauendi.

Halas, basi. Naifunga bila kuituma.

Kesho baada ya swala ya Ijumaa nitampigia Mishi. Nitaanza na neno gani?