Kiuno cha Kaze

Gaju, uko? Nimemponza mtu.

Ile tovuti niliyowajengea mafundi cherehani wa mtaa wa Biryogo waonyeshe mitindo yao, unaijua. Leo mmoja wao, Zura, katuma picha kumi na mbili za magauni. Nikazipitisha zote bila kuangalia. ZOTE.

Ya mwisho haikuwa gauni. Ni ukurasa wa daftari lake la vipimo! Majina, simu, kifua, kiuno, nyonga. Wake za watu, Gaju, hadharani!

Zura kanipigia analia: "Toa! Toa haraka! Umeona mstari wa Kaze?"

Kaze, mteja wake. Machi, kiuno sentimita sabini na nne. Namba hiyo imekatwa kwa kalamu nyekundu. Juni, tisini na moja. Pembeni Zura ameandika: "Acha nafasi, tumbo bado linakua."

Bado linakua! Mana yanjye, Mungu wangu!

Nimeitoa. Ilikaa dakika arobaini tu, nikajipa moyo kwamba labda hakuna aliyeiona.

Halafu nikafungua maoni ya picha ile. Kuna moja tu, la mume wa Kaze, yule aliyeko Dubai tangu mwaka jana, hajarudi hata mara moja:

"Fundi, gauni la mke wangu litakuwa tayari lini? Nimeshakata tiketi."