Ukuta wa Mbele

10 Oktoba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ya Mama nayo mfikishie. Hamjambo huko? Mgongo wa Mama unaendeleaje? Mimi mzima, ila chumbani tunalala wanne, na mmoja wetu anakoroma kama mashine ya kusaga. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya jirani ina masikio mengi, na haya ni ya kwetu.

Uliniuliza habari za pesa za chuo, ukasema nikueleze taratibu. Haya basi. Kuna mkopo wa serikali: unasoma sasa, ukipata kazi unakatwa mshahara mpaka deni liishe. Kuna ufadhili wa wenye alama za juu kabisa, huo watoto wa shule za ada kubwa walishaugawana. Kuna makampuni yanayokulipia, halafu ukimaliza unawatumikia miaka wanayotaka, mahali wanapotaka. Kuna kazi za hapa chuoni, kuosha masufuria ya bwalo au kupanga vitabu, ujira unaingia kwenye ada. Na kuna ruzuku ya kamati, ambayo ukipewa hairudishwi.

Mkopo nimepata, lakini unafika nusu tu ya ada. Nimeomba ruzuku izibe nusu iliyobaki. Nikiikosa, hakuna mtihani, na asiyefanya mtihani anafunga virago.

Kamati itamtuma mtu aje kuwaona hapo nyumbani. Tafadhali mpokeeni vizuri, maana neno lake ndilo litakaloamua.

Mwanao akupendaye


2 Novemba

Daktari wangu,

Marahaba mara elfu. Najua utasema ndiyo kwanza unasomea udaktari, hujawa daktari, lakini mimi nimeshakupa cheo, nani ataninyang'anya? Huku tu wazima. Mgongo wa mama yako umetulia, mdomo ndio bado.

Mambo ya pesa nimeyaelewa. Ule mkopo sawa, kukopa harusi, kulipa matanga, lakini harusi yako nitaicheza. Hiyo isiyorudishwa ndiyo iliyonitia wasiwasi. Nani siku hizi anatoa kitu bure? Lakini wewe ndiye msomi.

Sasa sikia. Mgeni wako kaja jana, na hatukukuangusha! Barua yako ilipofika nikamwambia mama yako, haiwezekani mtu wa chuo kikuu aje kwa fundi rangi akute nyumba haina rangi. Miaka yote napaka za watu, yangu plasta tupu, kama kinyozi mwenye nywele timtim. Nikakusanya mabaki ya makopo yote niliyonayo. Ukuta wa mbele nimeukwangua, nikaupiga msasa, nikaupaka mara tatu ile rangi ya maziwa iliyobaki kwa mwenye hoteli. Mlango kijani. Yale madoa ya maji chini ya dirisha, ukiyaona leo nakupa zawadi. Mama yako akaazima makochi kwa mke wa mwenye bucha, na saa ya ukutani, na vikombe vyenye sahani zake. Mimi nikavaa koti la marehemu kaka yangu.

Mgeni mwenyewe mstaarabu, mtu wa miwani. Kala, kashiba, kasifu rangi. Akaniuliza, "Mzee, mna shida gani hapa nyumbani?" Nikamwambia hatuna shida, tunamshukuru Mungu. Akauliza, "Mwanao anategemea nini?" Nikamjibu, baba yake niko hai. Akaandika. Akapiga picha sebule, ukuta, na makochi.

Mgeni njoo mwenyeji apone. Mwanangu, sasa tulia usome.

Baba yako


25 Novemba

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo.

Ruzuku nimenyimwa.

Nimeitwa mbele ya kamati. Nilikuwa nimeandika kwamba tuna vyumba viwili, bati linavuja, kazi yako ni ya kubahatisha, na mvua ikinyesha ukuta wa mbele unalowa mpaka ndani. Wakanitolea picha. Ukuta unang'aa, Baba. Makochi ya watu sita. Wewe umekaa na koti kama mwenye nyumba za kupangisha. Mwenyekiti akanisomea, "Mzazi amesema familia haina shida." Halafu akaniuliza, mbele ya watu, kati yangu na baba yangu nani mwongo.

Ningejibu nini? Nikisema ni wewe, nimekuvunjia heshima. Nikisema ni mimi, nimejifukuza mwenyewe. Kwa hiyo wameandika kwamba nimetoa taarifa za uongo, na mama anayekaa dirisha la misaada hapa chuoni sasa hata salamu yangu haitikii.

Nani asiyejua kwamba mtu akija kukagua umaskini huendi kuazima makochi? Kila mtu hapa anajua! Mwenzangu wa kitanda cha juu, wazazi wake walificha hata televisheni chini ya uvungu, na baba yake ana gari. Amepata. Mimi ambaye kweli sina, nimeitwa tapeli.

Naosha masufuria ya bwalo asubuhi na jioni. Haitoshi. Koti lako limenigharimu chuo, Baba. Samahani kwa kusema, lakini nisiposema nitapasuka.

Mwanao


3 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Barua yako nimeisoma mara moja, mama yako sikumsomea yote. Ulisema watatuma mtu aje kutuona. Ulisema tumpokee vizuri. Hukusema anakuja kupima tumeoza kiasi gani. Mbona hukusema? Ulikuwa na kurasa mbili nzima za kuniambia habari za mikopo na makampuni, hukupata mstari mmoja wa kuniambia, Baba, nimewaandikia kwamba sisi ni maskini?

Uliona aibu kuniambia mimi, lakini wao uliwaambia.

Makochi yalirudi kwa wenyewe jioni ileile. Pesa kidogo niliyolipwa kwa kupaka zahanati naituma yote.

Baba yako


15 Januari

Baba yangu,

Shikamoo. Mama hajambo? Wewe je, kifua? Najua vumbi la msasa linakusumbua msimu huu.

Nimekosa, na nimeona nilipokosea. Nilianza kuuandika ule mstari unaousema. Niliuandika nikaufuta. Sikuweza kuliandika lile neno na jina lako juu yake kwenye karatasi moja. Nisamehe.

Nimekata rufaa. Mhadhiri wangu amenisemea, kwa hiyo mtihani nimefanya, ila matokeo wameyashikilia mpaka rufaa iamuliwe. Atakuja mgeni mwingine mwezi ujao. Safari hii nakuandikia wazi.

Baba, rangi iondoe. Ile ya ukuta wa mbele, ikwangue yote mpaka madoa yaonekane. Usiazime hata kikombe. Lile bati linalovuja usilizibe. Koti usivae. Vaa nguo za kazini. Na akikuuliza mna shida gani, nakupigia magoti, usimwambie tunamshukuru Mungu. Mwambie shida.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Najua ninachokuomba. Kama kungekuwa na mlango mwingine ningebisha huko. Kampuni moja ilinijibu, wanataka niwatumikie miaka minane na wadhamini wawili wenye nyumba zenye hati. Sisi hati tunaitoa wapi?

Ni siku moja tu, Baba. Ikipita imepita.

Mwanao


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kifua ni cha kawaida. Mama yako hajambo ila hasemi na mimi.

Nimefanya.

Rangi niliipaka kwa mapenzi kwa hiyo iligoma kutoka. Mikono hii imekwangua kuta za watu wengi, lakini kila ukuta niliokwangua ulikuwa wa kwenda kupendeza. Mwenye bucha akapita akasimama. "Fundi, si juzi tu umepaka? Umechanganyikiwa?" Nikamwambia rangi ilikuwa mbovu. Fundi rangi mzima, nasema kazi yangu mbovu, barabarani, mbele za watu. Kuanzia siku hiyo sijaitwa kazi mtaa huu.

Kaja mtu yuleyule wa miwani. Safari hii hakukaa, maana pa kukaa hapakuwepo. Mama yako alijifungia chumbani akasema kama ni kuanikwa, nianikwe peke yangu. Mgeni akaniomba nikae nje kwenye kopo la rangi, ukuta uwe nyuma yangu. Akasema nivue kofia. Nikavua. Akapiga, akaangalia, akasema, "Mzee, usitabasamu." Mwanangu, mimi mtu akinielekezea kamera natabasamu, ndivyo nilivyozaliwa. Akarudia mpaka tabasamu likaisha.

Akauliza shida. Nikaanza na bati, kama ulivyosema. Kumbe neno la kwanza ndilo gumu. Nikamweleza ya njaa ya mwaka ule, ya mdogo wako tuliyemzika kwa kukosa nauli ya kumfikisha hospitali, mambo ambayo mama yako na mimi hatuyataji. Yule bwana akaandika, hata hakuinua kichwa. Alipomaliza karatasi akasema inatosha.

Alipoondoka sikumsindikiza. Mgeni nimeshindwa kumsindikiza, mara ya kwanza maishani mwangu.

Baba yako


8 Aprili

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Mama mwambie apige vigelegele hata kama hasemi na wewe!

Nimepata! Ruzuku kamili, ada yote mpaka mwaka wa mwisho, na ya vitabu juu yake. Matokeo yameachiwa, nimefaulu yote. Wewe ndiye uliyenisomesha, usiruhusu mtu akwambie vinginevyo.

Kwenye barua yako ya mwezi uliopita ulisema ungependa kuja kuona ninapokaa. Baba, kwanza usije. Ni mbali, nauli imepanda, na kifua chako kinajulikana. Nitakuja mwenyewe kila likizo. Upake ukuta sasa, kazi yao imekwisha.

Mwanao, Daktari wako


1 Oktoba, mwaka wangu wa mwisho

Baba,

Shikamoo. Hamjambo? Mimi sijambo kabisa.

Barua zako siku hizi ni fupi kuliko risiti. "Marahaba, wazima, soma." Likizo tatu za mwisho nimekuja, kila ninapoamka umeshaondoka kwenda mitaa ya mbali kutafuta kazi. Na ukuta bado hujaupaka. Nilimuuliza Mama, akasema nikuulize wewe.

Lakini leo sitaki ugomvi. Nimemaliza, Baba! Mahafali ni tarehe ishirini na nane Novemba. Nitavaa joho. Nauli yako na ya Mama iko ndani ya bahasha, ni pesa yangu mwenyewe, ya kazi ya muda duka la dawa. Njooni wote wawili. Uje na koti.

Mwanao


20 Oktoba

Daktari wangu,

Marahaba. Hongera. Sasa cheo ni chako kweli, si cha kupewa na baba.

Mama yako atakuja. Ameshashonesha gauni. Nauli yangu nimeirudisha ndani ya bahasha hii.

Nilishafika huko, mwanangu. Mwaka jana, mwezi wa tano. Nilipata kazi ya kupaka ghala mji wa jirani na chuo chenu, nikalipwa, nikasema nimshtukize binti yangu. Nikavaa lile koti. Nimefika getini, nimekutana na mimi mwenyewe. Bango kubwa kuliko nyumba yetu. Mimi juu ya kopo, sina kofia, ukuta unanitoka nyuma kama kidonda. Chini wameandika, "Mchango wako, kesho ya mwanawe."

Nikasimama hapo nikisoma. Mlinzi akaniona, akaangalia bango, akaniangalia mimi. Mtu mwema sana, hata kiti alinipa. Akasema kwa upole, "Mzee, misaada haitolewi hapa getini. Nenda dirisha la pili, waambie ni wewe." Nilikuwa na koti, mwanangu. Nimelivaa na bado akaniona nimevaa zile nguo za kazini. Wasichana wawili wenye vitabu wakapita, mmoja akaniambia, "Pole, baba." Nikaitikia, nimeshapoa. Nikageuka nikarudi.

Sitaki kukuficha. Nimeandika barua mbili nikisema sikulaumu, zote nimezichana. Nakulaumu. Ulisema ni siku moja tu. Miaka yote umepita pale asubuhi na jioni, ukaja nyumbani likizo, tukala sahani moja, na hukusema. Najua uliogopa ukilalamika watakukatia. Najua na mimi ningeogopa. Lakini ulipoandika "usije, nauli imepanda", nilikuamini, nikakuonea huruma.

Mficha uchi hazai, uliniandikia. Haya, sikuuficha, na nimezaa daktari. Sijutii daktari. Ukuta sijaupaka kwa sababu kila nikishika brashi namsikia yule bwana akisema nisitabasamu.

Mpokee mama yako vizuri. Yeye alijifungia chumbani, kwa hiyo hawamjui, atatembea hapo chuoni kama mama wa mtu yeyote. Mwonyeshe maktaba, mwonyeshe ulipokuwa ukiosha masufuria. Akiuliza kwa nini mnaingia kwa mlango wa nyuma, mdanganye.

Wewe usihuzunike kwamba sitakuwepo. Mimi nipo hapo getini siku zote. Siku hiyo ukipita na joho lako, simama kidogo uniamkie.

Baba yako